Tulivyomtafutia Marehemu Spika

Kabla sijawapa busara yoyote, nikiri kwanza ujinga. Nilichomoa waya za spika kwenye amplifaya ya taa ikiwa inaongea. Na haikuwa inaongea hivi hivi. Ilikuwa inaongea kwa sauti ya marehemu, sebuleni kwake, Butiama, mjane wake amekaa mbele yangu na matanga hayajaondolewa. Nilitaka kumtisha mjukuu wao anayejifanya jeuri. Mjukuu hakutishika. Aliyetishika ni mimi.

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, mnaokuja kwangu na visabufa vyenu vya kuwaka rangi rangi mkiuliza "bro, mbona inakoroma?", kaeni chini. Mnaongea na mstaafu. Najua nina miaka kumi na saba na zamu yangu ya kudeki choo ni Alhamisi. Lakini kustaafu siyo mvi. Kustaafu ni kuacha kazi, na mimi kazi nimeacha. Pensheni sijaona.

Kazi yenyewe niliifanya kila likizo kwa Mjomba Magesa, kaka yake mama, mwenye banda la ufundi Kamunyonge. Watu wanamletea simu na pasi, anazitengeneza bila hata kuzitazama usoni. Moyo wake uko kwenye amplifaya za taa. Hizo ni zile za zamani, zina vichupa vya kioo vinavyowaka ndani rangi ya makaa, halafu sauti inatoka laini kama imepakwa samli. Wazee wastaafu wa huku kwetu wanazo bado, na wanazipenda kuliko wakwe zao.

Wiki yangu ya kwanza niligusa ndani ya moja iliyokuwa imezimwa. Imezimwa kweli, waya umechomolewa ukutani, uko mezani nauona. Ikanipiga mpaka nikakaa kwenye beseni la mteja. Mjomba hata hakusimama.

"Imezimwa, Mjomba!" nikalalamika.

"Imezimwa, haijasahau," akasema. "Kuna kopo mle ndani linaitwa kapasita. Linakaa na umeme hata baada ya kifo. Umwondolee kwanza ndiyo umguse."

"Kwa hiyo maiti inang'ata?"

"Inang'ata watani."

Shikeni hilo. Kitu kilichokufa jana kinaweza kuwa na umeme leo. Tulikuwa tunachukua bisibisi yenye mpini mzuri na kipande cha waya chenye kizuizi cha umeme, tunamwaga ule umeme kwenye chasisi, yaani fremu yake ya bati, taratibu. Mkono mmoja unafanya kazi, mwingine uko mfukoni. Ukitumia yote miwili, umeme unapita kifuani kwenda mkono wa pili, na humo njiani ndimo moyo unapokaa.

Somo la pili ni ndoa. Amplifaya na spika zinaozeshwa. Nyuma ya amplifaya ya taa kuna matundu yameandikwa nne, nane, kumi na sita. Hizo ni omu, yaani ubishi wa spika. Spika ya nane unaipeleka kwenye nane. Spika mbili za nane ukiziunga sambamba zinakuwa na ubishi wa nne, unazipeleka kwenye nne. Ukikosea kidogo itaimba kwa kununa. Na nguvu ya taa ni ndogo, kwa hiyo usiipe spika ya kisasa yenye mpira mzito ukingoni, inayotaka kusukumwa kama lori lililozama tope. Ipe spika pana ya karatasi nyepesi, ambayo hata ukiipulizia inatingishika.

La tatu ndilo nililolivunja. Usiiwashe kamwe bila spika. Hizi zenu za kisasa ukichomoa spika zinanyamaza na kusubiri. Ya taa haijui kusubiri. Nguvu kutoka kwenye taa inapita kwanza kwenye transfoma, lile bonge la chuma lililosukwa waya, ndipo iende kwenye spika. Ukiondoa spika, nguvu inakosa pa kwenda, inageuka kuila transfoma. Mjomba alikuwaga ananiambia, "Ng'ombe wako mbioni, wewe umefunga lango. Watavunja nini?" Nami najibu, "Lango." Anasema, "Na wewe uliyesimama nalo."

Sasa Butiama.

Mzee Wambura alikuwa mwalimu mstaafu. Amplifaya yake aliiunganisha mwenyewe ujanani, ya taa moja kubwa, na spika zake mbili zililiwa na mchwa mpaka yakabaki maganda ya rangi. Alipofariki aliacha kaseti moja yenye sauti yake. Wala siyo hotuba. Siku hiyo alikuwa anajaribu kinasa sauti tu. Anasema, "Moja, mbili, tatu. Leo mvua imenyesha." Kisha anaita, "Wakuru! Wakuru, njoo usikie." Halafu ananyamaza, anamsubiri mkewe. Unasikia saa ya ukutani inagonga, unasikia anavuta pumzi. Kisha anaita tena, "Wakuru?" Kaseti inaisha.

Siku ya mazishi mtoto wao mkubwa aliipiga hiyo kaseti kwenye sabufa, ili waombolezaji wasikie. Ikatoka sauti ya kutikisa turubai. Bibi Wakuru akageuka akauliza, "Huyo nani?" Watu wakadhani ni uchungu.

Haukuwa uchungu. Mjomba alipoitwa, bibi alimwambia mwenyewe, mimi nikiwa nimebeba mkoba wa vifaa.

"Fundi, nimeanza kuisahau sauti ya mume wangu. Uso ninao, nguo zake ninazo. Sauti inaondoka. Kila nikiitafuta nakuta ile ya kwenye ngoma ya yule mtoto. Siondoi matanga mpaka nimsikie yeye. Nikiondoa kabla, ataenda na sauti yake."

Ukoo ulikuwa umeshapanga Jumamosi. Shemeji zake walikuwa wanakunja uso. Mjane kukataa kuondoa matanga kwao siyo jambo la kuchekea, na tayari mmoja alikuwa ameanza kunong'ona kwamba bibi kichwa kimeyumba, apelekwe akakae kwa wanawe, nyumba ifungwe.

Mjomba akasema, "Tutamtafutia spika."

Kwanza tulipeleka spika za kisasa za Mjomba mwenyewe, nzito, nzuri kwa macho. Mzee Wambura akaongea kama kafunikwa blanketi. Bibi akatikisa kichwa. Ndipo Mjomba akachukua spika mbili pana za karatasi alizozitunza miaka, tukaenda Kibara kwa Fundi Majura, mtengeneza mitumbwi, atupigie masanduku ya kuziwekea. Huyo akitengeneza kitu, hakivuji.

"Sanduku hili linabeba samaki gani?" akauliza.

"Linabeba sauti," Mjomba akasema. "Lisivuje hewa hata tone."

Fundi Majura akapiga mbao masanduku mawili, akashindilia pamba kwenye kila kiungo kwa patasi butu, akapaka lami. Kisha akaziba matundu ya mbele kwa ubao, akayabeba yote mawili mpaka ziwani, akayaacha yaelee. Wavuvi waliokuwa wanaanika dagaa wakasimama kutazama.

"Majura, unatengeneza majeneza ya mbuzi?" mmoja akapiga kelele.

"Ya mdomo wako!" akajibu, bila kuondoa macho majini. Masanduku yakakaa juu ya maji kama bata. Ndani hakukuingia hata unyevu. Tangu siku hiyo sijaona kipimo kingine cha sanduku la spika ninachokiamini.

Tukarudi Butiama. Asubuhi, jua kali, milango wazi. Sebuleni kiti cha marehemu kilikuwa pale pale karibu na amplifaya, hakuna aliyekikalia tangu azikwe. Bibi tukamweka kwenye kochi la wageni, katikati, mbele ya spika zote mbili, kama vile Mjomba anavyofundisha. Mjomba akaunga zile nane mbili sambamba, akazipeleka kwenye nne. Taa ikaanza kuwaka. Nikabonyeza kaseti.

"Moja, mbili, tatu."

Wadogo zangu, mimi sikumjua Mzee Wambura akiwa hai. Lakini mtu aliingia mle sebuleni. Ulisikia ulimi ukigusa meno. Mbwa aliyekuwa amelala mlangoni akainuka, akaja mpaka kwenye kile kiti kitupu, akatikisa mkia. Mtoto aliyekuwa anamenya muwa nje akaacha kutafuna.

"Wakuru! Wakuru, njoo usikie."

Tukamtazama bibi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa makini kama anayechagua mchele.

"Anafanana naye," akasema mwisho. "Lakini huyo ni ndugu yake."

"Hata mbwa amemtambua, bibi," nikasema.

"Mbwa huyo alimtikisia mkia mwizi wa kuku."

Ndiyo hivyo. Tulikuwa tumemleta marehemu asiye wa nyumba ile. Mjomba akakuna shingo, akatoka nje kuongea na mtoto mkubwa chini ya paa la banda la ng'ombe. Mimi nikabaki na bibi, na huyo mjukuu Mgeta, kidato cha nne, aliyekuwa ameegemea ukuta mikono kifuani.

"Nyie mnaogopa redio," Mgeta akasema. "Mimi hata iniite jina siogopi."

Ukisema hivyo mbele yangu umesaini. Bibi akaomba nirudie kaseti. Nikairudisha mwanzo, nikabonyeza, nikapiga magoti nyuma ya amplifaya kama ninayekagua kitu. Mpango wangu ulikuwa mzuri. Nikate sauti katikati, kila mtu ashtuke, halafu nijifiche huko nyuma niite kwa sauti ya kizee, "Mgetaaa."

"Leo mvua imenyesha," marehemu akasema.

Nikachomoa waya zote mbili. Spika zikakata. Kukawa kimya kabisa. Nikafungua mdomo.

"Wakuru!"

Sikuwa mimi. Mdomo wangu ulikuwa wazi lakini sikuwa nimesema kitu. Waya ninazo mkononi, nazitazama, hazijagusa popote. Spika zimekufa. Na sauti ya Mzee Wambura ikatoka mbele ya pua yangu, nyembamba, mbali, kama ya mtu aliye upande wa pili wa mawe.

"Wakuru, njoo usikie."

Nilikuja kuelezwa baadaye. Transfoma ikikosa spika, zile bati zake za chuma zinatetemeka zenyewe, zinaimba kile kile ambacho spika ingeimba. Ni chuma tu. Lakini wakati ule hakuna aliyekuwa ananieleza. Nilijua kwamba marehemu hana tena spika na bado anaongea.

Kisha saa ikagonga mle ndani ya chuma. Pumzi ikavutwa. Na Bibi Wakuru, ambaye sauti ile ilikuwa imemwita mara zote hizo bila kuitikia, akainua kichwa taratibu.

"Abee," akaitika.

Mgeta akaacha ukuta. Mimi nikaanza kusikia harufu ya vanishi inayoungua, na mlio mdogo mdogo, ta, ta, ta, kama mtu anagonga kioo kwa kucha. Nilijua ni nini. Lango limefungwa na ng'ombe wako mbioni. Nikapeleka mkono kwenye swichi.

"Usiguse," bibi akasema. Hakupiga kelele. "Ndiye huyo. Mwache aniite tena."

Sasa niambieni nyie mngefanyaje. Mimi, mcheshi wa shule nzima, mkono wangu ulisimama hewani kama wa mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda nje. Nilisubiri. Nilitaka na mimi amwite tena.

Ikapiga cheche ya bluu mle ndani. Moshi mwembamba ukapanda. Kimya.

"Ameenda wapi?" Bibi Wakuru akaniuliza.

Ndipo nikaizima swichi. 

Mjomba alinusa kutoka nje. Aliingia, akatazama waya mkononi mwangu, akatazama moshi, akamtazama bibi ambaye machozi yalikuwa yanashuka bila sauti. Nilijiandaa kwa kofi. Akasema tu, "Sema."

Nikasema yote, mpaka ya Mgeta. Mjomba akapiga magoti karibu na kochi.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe mimi, huyu ni wangu. Lakini nieleze. Sauti ya kwenye chuma, kwa nini ilikuwa yake?"

"Ilikuwa inatokea huku," akasema, akionyesha mbali kwa kiganja. "Hizi zenu zinanisemea machoni."

"Na mzee alipokuwa akikuita, wewe ulikuwaga umekaa wapi? Hapa?"

Bibi akamtazama kama amesikia upuuzi. "Hapa ni kwa wageni, fundi. Miaka yote hiyo ningekaa hapa nani angepika? Mimi nilikuwaga jikoni."

Mjomba akainuka, akatazama jiko, banda la matofali ng'ambo ya ua. Akatazama masanduku ya Kibara. Sijawahi kumwona amechoka na mwenye furaha kwa pamoja namna ile. Tuliozesha kila kitu, omu kwa omu, tukasahau kuuliza mwenye masikio alikuwa anasimama wapi. Mke alimsikia mumewe maisha yote kupitia ukuta, na ua, na moto wa kuni. Sisi tulimkalisha mbele yake kama mgeni, tukashangaa hamjui.

Lakini transfoma imeungua. Mjomba aliichokonoa, ikatoa waya mweusi kama nywele. Tukatafuta Musoma nzima. Tukaenda Bunda kwa fundi mmoja wa zamani, tukakuta amekufa na banda lake sasa linauza kava za simu. Kijana wa pale akaniuliza, "Transfoma ni aina gani ya chaja?" Nikatoka kabla sijalia. Jumamosi ilikuwa kesho yake.

Ni mimi niliyekumbuka. Nyumbani kwetu Kigera, kwenye kona, kulikuwa na redio ya taa ya baba. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama ameifunika kitambaa cha kufuma, juu kuna maua ya plastiki. Sijawahi kuisikia hata siku moja. Kwangu ilikuwa meza ya maua. Taa yake ya kutolea sauti ilikuwa ya aina ile ile.

Mama alikuwa sokoni. Nikatoa maua, nikatoa kitambaa, nikamwaga umeme wa kapasita, mkono mmoja mfukoni, kwa ustadi ambao Mjomba angelia kwa fahari. Nikaing'oa transfoma, nikarudisha kitambaa na maua kama vilivyokuwa. Mjomba nilimwambia nimepewa ruhusa. Alinitazama kidogo kuliko kawaida, maana alikuwa na haraka.

Jumamosi asubuhi, wageni hawajafika, bibi alikuwa jikoni kwake anasonga ugali wa muhogo, mgongo umetuelekea. Hatukumwambia tunawasha saa ngapi. Mjomba aliunga spika kwanza, akavuta waya mara mbili kuhakikisha, akanitazama mpaka nikaweka mikono yote nyuma. Taa ikawaka. Mimi na Mgeta tulisimama kwenye ua, katikati.

"Leo mvua imenyesha."

Na jua lilikuwa linachoma, jamani. Lakini Mgeta aliangalia juu.

"Wakuru! Wakuru, njoo usikie."

"Abee!" bibi akaitika, haraka haraka, kama mtu aliyezoea. "Nakuja!"

Akauacha mwiko kwenye sufuria. Akapita kati yetu akijifuta mikono kwenye khanga, hakutuona. Hatua zake hazikuwa za yule bibi tuliyemjua wiki ile. Zilikuwa za mwanamke mwenye kazi nyingi anayeitwa na mume msumbufu. Akaingia sebuleni.

Ile pumzi ikavutwa. "Wakuru?"

"Si nimeshakuja," akasema.

Kaseti ikaisha. Bibi akasimama anatazama kiti. Mbwa alikuwa amelala chini yake. Alisimama pale mpaka harufu ya ugali unaoungua ikatufikia uani, na hakuna aliyethubutu kwenda kuugeuza. Kisha akasogea, akakaa kwenye kile kiti cha mumewe, yeye mwenyewe, akaweka mikono kwenye mikono ya kiti.

"Fundi, mzimie apumzike," akasema. "Waambieni shemeji zangu waje. Tuondoe matanga."

Amplifaya ilibaki kwake, na masanduku ya Kibara. Shemeji aliyekuwa ananong'ona alikula nyama siku hiyo kuliko wote.

Nilirudi Kigera jioni nikiwa nimepanga namna ya kusimulia ili ichekeshe. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya redio. Maua yako sakafuni. Kitambaa amekikunja mapajani. Swichi ya redio ilikuwa imewashwa.

Nikamsimulia. Nilianza na masanduku kuelea, hakucheka. Nikafika kwenye "abee", nikafika kwenye kiti. Nikamwambia kesho asubuhi naenda Butiama kuirudisha, nitaeleza, bibi ataelewa.

Mama alinyoosha kitambaa, akakitandika juu ya redio, akasema hivi:

"Haikuwa inashika stesheni yoyote, hiyo. Nilikuwaga naiwasha mkishaenda shule, inanguruma tu, kama baba yako akiwa usingizini. Usiende. Yule bibi muache na wa kwake. Ila bisibisi yako nisiione tena humu ndani."